Makaa ya Wageni

Benchi la Asylkan halikuwekwa pale ili kupamba barabara. Lilisukumwa mpaka likaegemea ukuta wa nyuma wa tanuri lake la mkate, na tangu theluji ya kwanza mpaka barafu iachie mto, wazee wa mtaa wa juu wa Taldy-Bel walikaa hapo migongo ikiiva na magoti yakiganda. Mkate ukiwa ndani, maneno yalikuwa mengi. Tanuri likipoa, kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kulisha. Pale katikati, penye joto kuliko pote, palikuwa pa Sagynaly, mfua vyuma wa zamani ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake: jambo alilisema lilivyo, hata mwenye jambo akiwa amesimama mbele yake. Kushoto kwake alikaa Turgunbay, aliyeendesha basi la kwenda Naryn miaka mingi na kupewa jina la Breki na abiria walioona hazitumii. Kulia alikaa Kadyrkul, aitwaye Redio, na huyo hahitaji maelezo. Asubuhi hiyo Nyundo alifika uso umekunjamana, akajibwaga kwenye benchi kwa kishindo mpaka chai ya Breki ikamwagika.

— Wamemnyima, — alisema.

— Nani kanyimwa nini? — aliuliza Breki akipangusa goti. — Maana na mimi umeninyima chai.

— Shemeji Burulkan. Makaa ya serikali. Wamemnyima.

Breki aliacha kupangusa goti. Kila mwaka kabla baridi kuu haijashika, serikali iliwagawia makaa ya mawe watu wasiojiweza. Kulikuwa na majina ya kubishaniwa kila mwaka, huyu ana farasi, yule ana mtoto Urusi, lakini la Burulkan halikuwahi kubishaniwa na mtu. Ni mjane wa ndugu yake Nyundo. Anaishi peke yake. Ng'ombe wake alichinjwa kwenye matanga ya mumewe, na asiye na ng'ombe hana hata samadi kavu ya kutia jikoni. Baridi iliyopita alichoma uzio wake, nguzo baada ya nguzo, mpaka nyumba ikabaki imesimama wazi kwenye theluji kama jino la mwisho mdomoni. Mwaka huu ameanza kuutazama mlango wa zizi. Baada ya mlango wa zizi hakuna kitu tena, ni kufunga nyumba na kwenda kubanana na binti yake na wajukuu katika chumba cha kupanga mjini. Na Nyundo alijua kwamba mtu wa umri ule akishafunga nyumba, haifungui tena.

— Sasa ofisini walisemaje? — aliuliza Redio.

— Walisema hastahili.

— Hastahili kwa nini?

— Si ndilo nililouliza! Yule binti wa dirishani ananiambia, "Mzee, kamati ilikwenda, ikaona, ikaamua." Namuuliza iliona nini. Ananiambia iliona. Nikapiga meza.

— Ulipiga na nini?

— Na kofia.

— Kofia ya sufu! — Breki alicheka. — Hata nzi asingeamka.

— Ndiyo maana nikaongeza ngumi. Hapo akatoka mkubwa wao. Akasema haya, mzee, usituvunjie meza, kesho kamati itarudi kuangalia mara ya pili. Na ya mwisho. Wakiamua vilevile, makaa yanakwenda kwa mtu mwingine.

Asylkan alichomoza kichwa kwenye kidirisha cha duka, nyusi zimejaa unga.

— Kesho? Kesho lini?

— Mchana.

— Basi leo nikande unga zaidi, — alisema, akarudi ndani. Hakuna aliyemsikiliza. Wakati huo Breki alikuwa ameshaegemea ukuta na kunyoosha miguu, dalili kwamba ana maelezo.

— Hili jambo ni dogo sana, — alianza. — Wamekosea mtu. Kule mtaa wa chini kuna Burulkan mwingine, yule mwenye farasi wengi na mkwe mwenye duka la simu. Wametazama jina, wakaona farasi.

— Walifika nyumbani kwake, Breki! Walikaa sebuleni. Umeona farasi sebuleni?

— Nasema tu. Mimi nimebeba watu miaka yote ile, najua jinsi jina linavyoweza kumpeleka mtu kituo kisichokuwa chake.

— Kituo kisichokuwa chake ulikuwa unawapeleka wewe, kwa kulala kwenye usukani.

Redio alikuwa akisubiri zamu yake kwa shida, akikunja na kukunjua glavu.

— Mmemaliza? Sikilizeni basi. Kuna chombo juu. — Alinyoosha kidole kwenye mawingu. — Kinazunguka. Usiku na mchana. Nilisikia wenyewe wanasema. Kinaona nyumba ipi ina joto na ipi haina. Yenye joto inatoka nyekundu, yenye baridi inatoka buluu. Sasa nikukumbushe, Nyundo. Siku ile kamati ilipokuja, paa la Burulkan lilikuwaje?

— Lilikuwaje?

— Halikuwa na theluji! Mapaa yote ya mtaa meupe, lake limeyeyuka lote, maji yanachuruzika barazani. Mimi niliona kwa macho yangu, nilipita pale nikiwa nimebeba... nilipita pale. Chombo nacho kimeona. Nyekundu! Wakapigiwa simu huko huko sebuleni: huyo ana joto, msimpe.

— Nani apige simu kutoka mawinguni?

— Si mtu, ni mashine.

— Mashine iache vita vya dunia ije kuangalia paa la bibi wa Taldy-Bel?

— Ndivyo wanavyotaka ufikiri.

Nyundo alitema mate kwenye theluji. Maneno ya Redio yalimkera siku zote, ila leo yalimkera na kumwasha vilevile, maana ni kweli, paa lile lilikuwa limeyeyuka. Alilikumbuka. Alikuwa amelitazama siku ile kwa fahari.

— Mimi nawaambia ni paka, — alisema Breki.

— Paka gani tena?

— Yule wa kijivu wa Asylkan. Alikuwa ndani siku ile, kajilaza karibu na jiko, tumbo kama mto wa kulalia. Mtu wa serikali akiingia nyumba ya maskini, cha kwanza anatazama nini? Paka. Paka mwembamba, nyumba haina nyama. Paka mnene, ondoka zako. Hilo wanafundishwa.

— Wanafundishwa wapi?

— Huko wanakofundishwa.

— Lakini paka si wake!

— Paka hakusema si wa pale.

Lori lilipanda mlima likiguna, likasimama ng'ambo ya barabara. Lilikuwa limejaa makaa ya mawe mpaka juu, limefunikwa turubai lililochanika, na weusi wake kwenye ule weupe wote uliwafanya wazee watatu wageuze shingo kwa pamoja. Alishuka dereva wa makamo, masharubu yamejaa barafu.

— Salaam aleikum, wazee. Mkate upo?

— Aleikum salaam. Umo motoni, — alisema Asylkan kutoka ndani. — Kaa usubiri.

— Na msiyaangalie hivyo, — alisema dereva akicheka. — Ya hospitali ya wilaya hayo. Kila kipande kina mwenyewe.

Lafudhi yake ilimtangaza. Breki alimpisha mwisho wa benchi, mahali ambapo ukuta haukuwa na joto lolote.

— Mtu wa kusini, eh? Huko kwenu si mnaota jua mpaka mwezi wa kumi na mbili? Jina nani?

— Mamasaly.

— Kaa, Mamasaly. Tunatafuta kwa nini mjane amenyimwa makaa. Tumefika kwenye paka.

Dereva alidhani ni mzaha, akatazama nyuso, akaona si mzaha. Akapokea bakuli la chai kwa mikono miwili.

— Paka, chombo, hayo ni ya juujuu, — Redio alisema, na sasa alishusha sauti mpaka wakalazimika kuinama. — Nilikuwa sitaki kusema. Mnakumbuka wale vijana wa kiangazi waliokuja na vijiti vya chuma, wakawa wanapima ardhi nyuma ya nyumba ya Burulkan?

— Walikuwa wanapima bomba la maji, — alisema Nyundo.

— Bomba limekuja?

— Halijaja.

— Basi hawakuwa wanapima bomba. — Redio alitulia ili jambo lizame. — Kuna makaa chini. Chini ya nyumba yake pale pale. Mlima mzima wa makaa, umelala. Serikali inajua. Sasa niambieni, serikali itampaje makaa mtu anayeyakalia? Wanataka baridi imshinde, ahame mwenyewe, waje na mashine.

Breki alitazama chini ya miguu yake. Hata Nyundo, ambaye kwa maisha yake yote hakumwamini Redio hata alipotaja saa, alijikuta akitazama mteremko kuelekea nyumba ile isiyo na uzio na kuifikiria ikiwa imekaa juu ya mlima wa joto. Ilikuwa fikra tamu kwa namna yake. Akajikasirikia.

— Upuuzi! Ningechimba mwenyewe usiku huu huu!

— Samahani, wazee, — alisema Mamasaly. — Naomba kuuliza.

— Uliza, — alisema Nyundo. — Huwezi kuuliza jambo la kijinga kuliko haya.

— Siku kamati ilipokuja, ndani kulikuwa na baridi?

Nyundo alimgeukia kama mtu aliyetukanwa hadharani.

— Baridi? Wageni waingie nyumba ya ndugu yangu, wakute baridi? Huko kwenu ndivyo mnavyofanya? Kulikuwa na joto mpaka yule mnene wao akavua koti, akavua sweta, akaomba dirisha lifunguliwe!

— Nimeelewa. Na hayo makaa alipata wapi, kama hana?

— Kwangu. Alikuja na ndoo, akasema shemeji, nina wageni. Nikampa.

— Humpi siku nyingine?

— Hachukui! — Nyundo alipiga paja. — Theluji ilipoanguka mara ya kwanza nilimwekea ndoo imejaa mlangoni, nikaondoka kimyakimya. Asubuhi naikuta mlangoni kwangu, imejaa vilevile, na juu yake amenifunikia kitambaa kisafi ili nisichafuke mikono. Nikampelekea tena, ikarudi tena. Kwa ajili yake mwenyewe hataki chembe. Ila ukiwa na wageni unaomba jirani mchana kweupe, hiyo si aibu, ni mtaa mzima unaopokea.

— Na mezani palikuwa na nini?

— Vikombe vyangu, — alisema Breki kwa majivuno. — Vya ukingo wa dhahabu, mke wangu havitoi hata kwa harusi. Na zulia la sufu, lile jekundu. Nilitandika mwenyewe.

— Paja la kondoo lilikuwa langu, — alisema Redio. — Ndilo nililokuwa nimebeba nilipoona paa.

— Siagi, jamu na mandazi, — Asylkan alisema kutoka dirishani. — Na paka alifuata paja.

Mamasaly aliwatazama mmoja mmoja. Alikunywa chai yake yote polepole, na alipoweka bakuli chini hapakuwa na sauti nyingine ila mkate ukipasuka ganda ndani ya tanuri.

— Lo, — alisema Breki.

— Kwa hiyo, — alisema Redio kama aliyeibiwa, — chini ya nyumba hamna makaa?

Damu ilikuwa imempanda Nyundo mpaka masikioni. Alimwona yule mnene akijifuta jasho kwa leso, akisifu jamu, na yeye mwenyewe, Sagynaly, amepiga goti mbele ya jiko la ndugu yake, akiongeza makaa, akiongeza tena, ili isije ikasemwa huko wilayani kwamba mtaa wa juu wa Taldy-Bel unapokea watu kwenye barafu. Alikwenda ofisini kupiga meza ya watu kwa ngumi. Kumbe jibu lilitoka mikononi mwake.

— Lakini si wangeuliza! — alifoka. — Wana midomo! Wangeuliza, mama, haya makaa ni yako?

— Umekula nyama ya mtu, — alisema Breki, — halafu umuulize kama ni yake?

— Ah! — Nyundo alirusha mkono hewani.

— Basi dawa ni rahisi, — alisema Mamasaly. — Kesho asiwashe. Asiandae. Waone mambo yalivyo, waandike yalivyo.

Wakamtazama kama watu wanavyomtazama mtoto wa mwenzao aliyesema neno baya mbele za watu.

— Hebu ngoja, — alisema Redio. — Wapokelewe kwa Nyundo. Wale, washibe, wapate joto. Halafu wavuke tu upande wa pili, wachungulie, waondoke.

— Watavuka kizingiti chake bila kuonja mkate wake? — aliuliza Asylkan. — Na yeye amesimama pale mikono mitupu?

— Basi niwavute pembeni mlangoni, — alisema Nyundo. — Mimi sipindishi. Nitawaambia makaa ni yangu, nyama ya huyu, zulia la huyu.

— Yeye akiwa wapi?

— Akiwa... — Nyundo aliona picha. Burulkan akimimina chai, na nyuma yake shemeji yake akiwahesabia wageni vitu vya kuazima. — La. Hapana. Hiyo ni kumvua mtu kitambaa cha kichwa mbele za watu.

— Tuzibe dohani kwa theluji, — alisema Breki. — Jiko linagoma, hakuna wa kulaumiwa.

— Wafukizwe wageni kama nyama? Huo ndio ubongo ulioendesha basi!

— Wazee, — Mamasaly alisema kwa upole, — mnazunguka. Mtu mmoja aende akamwambie. Mama, ukiwapokea vizuri watakunyima. Basi. Nani kati yenu atakwenda?

Redio alianza kuchunguza glavu zake. Breki aliinamia bakuli lililokwisha chai. Kisha wote wawili, bila kupatana, wakamgeukia aliyekaa katikati.

— Nyundo hapindishi, — alisema Breki.

— Amesema mwenyewe sasa hivi, — alisema Redio.

Nyundo alikuwa bado anatafuta tusi la kuwafaa wote wawili alipomwona anakuja. Burulkan alipanda mteremko taratibu, kitambaa cheupe kichwani, koti la marehemu mumewe limemzidi mabega, na mkononi ndoo tupu. Alisimama mbele ya benchi, akawaamkia kila mmoja, na kwa mgeni akaamkia mara mbili, akimtakia heri ya safari na afya ya wazazi wake. Halafu akamgeukia Nyundo na kusema kwa sauti ambayo hata Asylkan aliisikia ndani:

— Shemeji, kesho nina wageni.

— Nimesikia, shemeji.

— Ni wale wale. Sijui wameipenda jamu au vipi. — Alitabasamu. — Yule binti mdogo anayekuja nao, mikono yake ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Anatembea nyumba hadi nyumba siku nzima, maskini. Nataka akiingia tu akute joto limemsubiri.

Nyundo alisimama. Benchi zima lilimtazama. Alikohoa. Alivua kofia, akaivaa.

— Shemeji Burulkan.

— Labeka.

— Mimi huwa nasema jambo lilivyo.

— Najua, shemeji. Ndugu yako alikuwa akisema hivyo hivyo juu yako.

— Basi nakuambia... — Alitazama ile ndoo. Ilikuwa safi, ameisugua, kama ya maziwa. — Nakuambia hiyo ndoo ni ndogo. Haitatosha. Nenda zizini kwangu, kuna ile kubwa, ijaze. Au ngoja, utaumia mgongo, nakuja.

Akaenda naye. Aliporudi mikono yake ilikuwa myeusi, na hakumtazama mtu usoni.

— Mzee, — alisema Mamasaly, — mbona hukumwambia?

— Mwambie wewe! — Nyundo alilipuka. — Wewe si wa hapa. Hajakulea, hajakupikia, huna kaburi la ndugu kati yako na yeye. Nyumba ile pale. Nenda, mwambie, upande lori lako, uende zako. Sisi tutamtuliza.

Mamasaly alijifunga koti.

— Nitamwambia. Ni neno moja tu.

Wakamtazama akishuka, mabega yamenyooka kama ya mtu aliyejiandaa. Wakamwona akifika mahali palipokuwa na lango, akasita, maana hapakuwa na kitu cha kubisha. Wakaona mlango ukifunguka na kitambaa cheupe kikitokea. Mamasaly akanyanyua mkono, akafungua mdomo. Burulkan alikuwa ameshamshika kiwiko. Mlango ukafungwa.

— Haya, sasa anamwambia, — alisema Redio.

Walisubiri. Kutoka kwenye dohani ya Burulkan ukachungulia uzi mwembamba wa moshi. Ukanenepa. Ukawa mweusi, ukasimama wima kwenye ule ubaridi usio na upepo.

— Yale ni makaa ya kesho! — Nyundo alipiga ukelele.

— Yamekuwa ya leo, — alisema Breki.

— Nimetoka kuyabeba sasa hivi!

— Umempelekea mgeni, Nyundo. Ulitaka afanye nini?

Asylkan alikwisha toa mkate, akaupanga dirishani ukitoa mvuke, mkate wa dereva ukiwa mmojawapo. Dereva hakutokea. Ukuta ulianza kupoa kutoka chini kwenda juu, kama kawaida yake. Theluji juu ya paa la Burulkan ikaanza kupata doa jeusi karibu na dohani, doa likapanuka, na Redio akalitazama, kisha akatazama mawingu, lakini akaona leo afadhali asiseme kitu.

Mamasaly alirudi kofia ikiwa mkononi. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto, na kwenye masharubu, palipokuwa na barafu, palikuwa na jamu. Kwapani amebana soksi mpya za sufu.

— Umemwambia? — aliuliza Breki.

Dereva alikaa mwisho wa benchi.

— Alinivua viatu, — alisema. — Akavikausha karibu na jiko. Akaniuliza kama mama yangu yu hai.

— Lakini umemwambia?

— Akaniuliza nani ananifulia, nikiwa safarini.

— Mamasaly! — alisema Nyundo. — Neno moja tu. Umemwambia, hukumwambia?

Mamasaly aliondoa jamu kwenye sharubu kwa kidole, akakitazama kidole.

— Nani ana ndoo? — aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Breki alikwenda kuchukua ndoo dukani kwa Asylkan, na dereva akapanda kwenye lori. Hakugusa turubai. Alitoa gunia nyuma ya kiti chake.

— Haya si ya hospitali, — alisema. — Ni yangu ya njiani, nikikwama mlimani. Nimechoma makaa ya wageni wenu, siwezi kuondoka hivi.

— Hukuchoma ya mtu, — alisema Breki akishika mdomo wa gunia. — Wewe ulikuwa mgeni. Yalikuwa yako.

Nyundo alisikia maneno hayo, akayaacha yapite, halafu akayarudia kichwani. Yalikuwa yako. Ndoo ya kumpa Burulkan mwenyewe inarudi mlangoni kwa Nyundo na kitambaa juu. Ndoo ya mgeni inaingia ndani bila kubishana, na jiko linawaka, na anayekaa mbele ya jiko, mgeni akiwa amekwisha kwenda, ni nani? Makaa hayazimiki kwa sababu mgeni amevaa viatu. Moto mmoja mzuri unakaa mpaka asubuhi.

Kesho watakuja. Watavua makoti, watasifu jamu, na yule binti atapasha mikono yake. Wataandika watakachoandika. Na yeye atakwenda tena ofisini, na ngumi anayo bado. Hilo lilikuwa palepale. Lakini baridi haingojei ofisi.

— Nyie, — alisema. — Niwaulize na mimi.

— Uliza, — alisema Redio kwa unyonge. Maswali ya siku hiyo yalikuwa yamemchosha.

— Kesho ni kamati. Keshokutwa, nani atakuwa mgeni wa Burulkan?

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyefikiri.

— Mimi! — alisema Breki. — Vikombe vyangu viko huko huko, nitakwenda kuvitazama.

— Vikombe! Nianze mimi, nina habari za kumpa, — alisema Redio, — na paja la pili bado ninalo.

— Nyinyi wote hamjui kukaa na mtu, — Asylkan alisema dirishani. — Nitaanza mimi na mkate.

— Nikirudi na lori nitapita, — alisema Mamasaly, mikono miwili ndani ya gunia. — Niwekeeni siku yangu.

— Siku ya mtu wa kusini iwe ya mwisho, hajazoea baridi!

— Ya mwisho kwa nini? Ndiye aliyeuliza!

— Mkubwa kwa umri aanze, ndivyo ilivyo kila mahali!

— Kwa umri nani? Wewe? Nilikuwa nakuvusha mto wewe!

Walibishana hivyo, sauti zikipanda, kuhusu nani aende keshokutwa na nani asiende mikono mitupu. Nyuma yao ukuta ulikuwa umepoa zamani, umekuwa baridi kama mawe mengine yote, na hakuna aliyekumbuka ng'ombe wake.